Nguo za Sultani wa Kilwa

Likizo ile Ibra nzima, mji wetu wa Omani, ilinukia tende zinazochemshwa. Masufuria makubwa ya shaba yalitokota shambani kwa jirani tangu alfajiri, na harufu yake tamu, nzito, ilitufuata mpaka kwenye mito ya kulalia. Nilikuwa na miaka tisa na sikuweza kutulia. Darsa ya likizo ilimtaka kila mtoto asimulie maisha ya mtawala mmoja wa Kiislamu wa zamani, nami Kiarabu changu wenzangu walikicheka. Bibi yangu, aliyezaliwa Unguja na kuzeekea Ibra bila kuacha kanga wala shikamoo, ndiye aliyenichagulia sultani wa Kilwa, wa karne nyingi nyuma, aliyekula sahani moja na mafakiri. Ijumaa moja, sultani akitoka msikitini, fakiri mmoja alimwomba nguo alizovaa. Sultani akaahidi kumpa. Fakiri akazitaka saa ile ile. Basi mtawala mzima akarudi, akaingia nyumbani kwa khatibu wa msikiti, akabadili nguo, akampa zile zake.

Nikadhani nimeshapata hadithi, lakini Bibi hakukomea hapo. Mtoto wa sultani, alisema, alizichukua zile nguo akampa fakiri watumwa kumi badala yake. Na sultani aliposikia anavyosifiwa, akaongeza kumi wengine, na pembe za ndovu juu yake. Nikamuuliza watu wale ishirini walikuwa nani. Bibi akaacha kupeta mchele.

"Hakuna aliyeandika, mjukuu wangu. Lakini bibi yangu mimi naye alitolewa zawadi hivyo hivyo, na wewe ni damu yake."

Nyumbani kwetu jambo hilo halikuwahi kutajwa. Siku tatu nilizunguka uani kama kuku anayetaka kutaga. Siku ya kusimulia ilipofika, nilipomaliza habari za nguo, mwalimu aliniambia kwa upole kwamba inatosha, nikae. Sikukaa. Nikasema habari za wale ishirini, kisha, kwa Kiarabu changu kibovu, nikasema mmoja kama wao ni wa kwetu. Jioni Baba alikuwa ameshapigiwa simu na mwalimu. Hakunipiga, alinikataza kurudi darsani, akamuuliza mama yake kwa nini amemvua nguo mbele ya mji. Bibi alimjibu neno moja tu: "Mficha uchi hazai." Likizo nzima wawili hao walisalimiana tu.

Sasa nasomesha mjini Nizwa, na kila mwaka nawafikisha watoto kwa sultani yule. Kabla ya somo hilo bado natembea huku na huku kwenye ukumbi. Mwaka huu msichana mmoja aliniuliza kama alikuwa mtu mwema. Nikamwambia alikuwa mkarimu kweli, na kwamba alitoa watu kama alivyotoa nguo. Kesho yake baba mmoja alinipigia simu kulalamika, na mama mmoja akanipigia kushukuru. Utotoni mwangu, simu ya pili isingepigwa.