Wingu la Fuawe

Harufu ya dagaa waliopigwa na mvua kabla hawajakauka, ukishaisikia mara moja hutaisahau. Juzi ilinikuta sokoni Mwanga, hapa Kigoma, nikasimama katikati ya watu nikacheka peke yangu, mpaka muuza nyanya akaniuliza kama mimi ni mzima. Mzima kabisa, dada. Nilikuwa nimerudi Ujiji utotoni, miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka kutoka Burundi, na karibu kila nyumba ilikuwa na mgeni wake.

Mgeni wetu alikuwa Mama Esperansi. Alilala chumba cha uani, na mchana alimsaidia mama kuanika dagaa mchangani. Kiswahili kilimpiga chenga, lakini Kirundi chake na Kiha chetu ni ndugu wa tumbo moja, basi maneno hayakutupungukia.

Shuleni tulikuwa na Mwalimu Naomi, Mpare aliyehamishiwa kwetu, mwembamba na mkali kama pilipili. Alitutoa nje, akatulaza chali kwenye nyasi darasa zima, akasema tusome juu. Yale mepesi kama manyoya ya kuku, hayana neno. Mavundevunde, anikeni nguo zenu. Lile tandiko la kijivu, manyunyu ya kutwa. Kisha akachora mchangani rundo lililopanda juu sana na kutandaa kichwa bapa. "Hili ni wingu la fuawe. Mkiliona, msimsubiri mtu."

Fuawe ni chuma bapa ambacho mhunzi hufulia vyuma vyake. Mimi mhunzi sikuwahi kumwona. Nikaenda nyumbani nikamwambia mama kuna wingu la kufua nguo.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Ndiyo mnayosomea hayo? Heri ukae hapa ulinde dagaa. Kunguru angalau wanaonekana."

Alitania, lakini nusu yake haikuwa utani. Dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, na giza la mwezi lile uvuvi ulikuwa mbaya, na dagaa wale waliokuwa mchangani ndio walikuwa sare yangu na unga wetu. Wakilowa, wangeoza, nami shule ningeisikia kwa wenzangu tu.

Jumamosi moja mchana, jua linawaka kwelikweli, niliinua macho nikaliona juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Rundo jeupe, refu, kichwa bapa. Fuawe! Moyo ukanilipuka. Nikapiga kelele, "Anueni! Anueni dagaa!"

Wanawake wote ufukoni wakatazama juu. Utosini palikuwa na jua tu. "Jua lote hili?" mmoja akasema, wakaangua kicheko. Mama akaona haya. "Usinitie aibu, wewe mtoto."

Mama Esperansi hakutazama popote. Neno lile alilielewa, maana kwao nako husema karibu vivyo hivyo. "Anura! Anura!" akapaza, akaanza kuzoa dagaa kwa mikono miwili, kanga imemdondoka, hana habari. Mama akamtazama yeye, akanitazama mimi, akashika gunia. Mtu mzima hakimbii bure. Wengine nao wakainama.

Gunia letu la mwisho lilikuwa mlangoni upepo ulipofika, na nyuma yake mvua iliyolifuta ziwa lote machoni. Waliochelewa walilowesha kidogo, ndiyo harufu ile. Wetu hakulowa hata mmoja.

Jamani, mama yangu! Alitangaza kutoka Ujiji hadi Katubuka: "Mwanangu anasoma mawingu!" Jumatatu alimfungia Mwalimu Naomi dagaa, akampelekea mwenyewe, akampa shikamoo ilhali mama ndiye aliyemzidi umri. Na sare nikapata. Ilinipwaya mabegani, nikaivaa kifua mbele.

Nilimwuliza Mama Esperansi, "Nawe uliliona wingu?"

"Wingu gani, mwana wanje, mwanangu? Nilikusikia wewe."

Nikadhani ananitania. Ukubwani ndipo nilipoelewa. Kule vitani alikotoka, mtoto akipiga kelele, waliosimama kwanza kutafuta sababu hawakufika kwetu.

Leo nami ni mwalimu. Nawalaza wanafunzi wangu chali nyasini, nawaonyesha fuawe, na wingu langu lile naliringia mpaka kesho. Ila ninaloringia zaidi huwa siwaambii, nawaambia ninyi: niliwahi kusema neno, nikiwa mtoto mdogo, na mtu mzima akakimbia bila kuinua macho.