Mchanga wa Mbele ya Chumba cha Pasi

Ilikuwa themanini na tatu. Hapana, ngoja, themanini na tatu ndipo nilipovunjika mguu, sikutoka nje mwaka mzima. Mchanga uliondoka themanini na nne, maana nilikuwa natembea vizuri, na nilikuwa nimefikia kwa dada yangu mdogo kwa siku mbili tatu, nikakaa mpaka wakanizoea.

Dada alikuwa mpiga pasi katika hoteli moja ya ufukweni. Watu wote walimwita Mama Pasi, hata mumewe. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mwisho upande wa bahari. Kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, ndoo ya wanga, pasi mbili, moja ikipata moto nyingine ikifanya kazi, na dirisha pana ajabu. Upepo uliingia pale mpaka jasho likaona haya. Nimelala nyumba nyingi katika kuzurura kwangu, lakini sijaona mtu aliyekipenda chumba kama yeye. Alikuwa akipiga pasi huku anaimba, na shuka lilitoka limenyooka kama karatasi.

Basi bahari ikaanza kula. Kila kukicha mchanga umepungua, mpaka mizizi ya minazi ikabaki nje kama vidole vya mtu aliyevua viatu, na maji yakawa yanagonga msingi wa chumba. Meneja akaja, akatazama, akakuna kidevu.

"Mama Pasi, pole. Mwisho wa mwezi tunakivunja hiki. Tutakuhamishia kule nyuma, karibu na jenereta."

Kule nyuma hakukuwa na dirisha, bali tundu la kupitishia waya.

"Huko sitapiga pasi, baba," dada akamwambia. "Huko nitaokwa."

Meneja akacheka, lakini neno lake hakulibadili.

Cha kuudhi, mchanga wenyewe haukupotea. Ulihamia hoteli ya jirani, tena ukajaa mpaka kwenye maua. Na mtunza bustani wa hoteli hiyo alikuwa nani, kama si shemeji yangu, mume wa dada! Jioni akirudi, dada anamngoja mlangoni na beseni.

"Vua viatu. Kung'uta humu."

"Mke wangu, hata salamu?"

"Salamu baadaye. Huo ni mchanga wetu, mmetuibia."

"Sisi hatuibi. Unakuja wenyewe, tena bila kupiga hodi."

Na kweli, kesho yake dada alikwenda nao kazini na kuumwaga chini ya dirisha lake. Nilidhani ni mzaha. Ulikuwa mzaha, ila macho yake hayakuwa yakicheka.

Ndipo akakumbuka mashuka yaliyochakaa. Akamwomba meneja, akapewa rundo zima. Yeye na kina mama wa kufua wakashona mifuko, mimi nikashika koleo. Tukajaza, tukafunga, tukapanga mbele ya chumba, tunajisifu. Shemeji akapita siku yake ya mapumziko, akasimama mikono kiunoni.

"Shemeji, hapo mnajenga ukuta au mnachimba kisima?"

Tukaangalia. Kumbe kwa haraka zetu tulikuwa tunachota mchanga hapo hapo chini ya dirisha. Bahari ilikuwa inakula kwa kijiko, sisi tumeleta sufuria! Dada akakaa chini akacheka mpaka akalia, na sijui alipovuka kutoka kucheka kwenda kulia.

Shemeji akageuka, akaondoka. Alikwenda kwa bosi wake, akamweleza kuwa maua yanazikwa na mchanga lazima uondolewe. Bosi akasema uondoe, peleka unakotaka. Kuanzia hapo kila alasiri tulimwona anakuja na toroli, amejaza, anahema.

"Haya, Mama Pasi, mali yako hii. Na leo usinivue viatu."

Mifuko ile ilikuwa myeupe, imepangwa vizuri. Mgeni mmoja mnene akaja na kitabu chake, akailalia, akidhani ni mito aliyoandaliwa. Nikataka kumwondoa.

"Mwache, kaka," dada akaninong'oneza. "Anaongeza uzito."

Kabla mwezi haujaisha upepo ukageuka. Mchanga ukaanza kurudi kidogo kidogo, ukafunika mifuko, ukapanda mpaka karibu na dirisha. Meneja akaja, akatazama, akakuna kidevu, akaenda zake, na habari ya jenereta haikusikika tena. Kina mama wa kufua walisema ni mifuko. Shemeji alisema ni toroli. Mvuvi mmoja aliyekuwa akileta samaki jikoni alisema ni upepo tu, hata tungelala, mchanga ungerudi wenyewe.

Dada hakubishana na yeyote. Alifungua dirisha lote, akaweka pasi motoni.

Mimi nikawauliza wote, yeye, mumewe na hata meneja, na mpaka leo naendelea kuuliza: mchanga ukiondoka tena, tutashona tena, au tutahama?