Joto la Hamamu ya Kikyo

Katika hamamu ya Kikyo, nyumba ya kuogea ya umma mjini Nagai, ukuta unaotenganisha upande wa wanaume na upande wa wanawake haufiki darini. Mke akimaliza kuoga hupaza sauti kwa juu, "Natoka sasa, usinicheleweshe!" na mume hujibu kutoka ng'ambo akiwa bado amezama mpaka kidevuni. Ndiyo maana siri hazikai humo. Na siri isiyokaa kabisa ni ya tumbo la mwanamke, kwa kuwa kila jioni liko wazi mbele ya majirani.

Tomoe aliolewa katika familia yenye hamamu hiyo miaka sita iliyopita, lakini wateja walikuwa bado wanamwita bi harusi wa Kikyo. Angeacha kuwa bi harusi siku angekuwa mama. Kazi yake ilikuwa kusugua vigae na kupanga ndoo. Mama mkwe wake, Bi Yoshino, alikaa kwenye kiti kirefu mlangoni, mahali ambapo mtu huona pande zote mbili na kupokea ada. Mumewe, Kiyotaka, alikuwa nyuma kwenye tanuri, akichochea moto kwa mabaki ya mbao za maseremala. Kila alasiri kabla ya kufungua mlango, Kiyotaka aliingia katika birika kubwa la kuogea la wanaume, kisha la wanawake, akazama mpaka shingoni na kukaa. Hivyo ndivyo babu yake alivyopima maji, na baba yake pia.

"Kipimajoto hakina ngozi," alikuwa akisema.

Maji ya Kikyo yalikuwa makali kuliko yote mjini Nagai. Wazee walitoka humo wekundu kama pweza wa kuchemshwa, wakajisifu njia nzima.

Upande wa wanawake, mkubwa wa maneno alikuwa Bi Haga, muuza kachumbari za figili.

"Bado tu, bi harusi?" angeuliza, macho yakishuka tumboni kwa Tomoe. "Hebu niguse mguu wako. Jamani! Barafu! Mtoto gani atakaa kwenye nyumba ya baridi hivi?"

Wote waliokuwemo walikubali. Tumbo la Tomoe lilikuwa baridi, kila mtu alijua. Wakampasha moto. Mmoja alimletea tangawizi, mwingine alimkataza matunda ya kiangazi, na Bi Yoshino alimfumia mkanda mpana wa sufu wa kuvaa tumboni hata katika joto la mwezi wa nane. Kila jioni walimkalisha majini mpaka kichwa kikamzunguka. Tomoe hakubishana. Hakuwa mtu wa kubishana. Alitoka akiwa mwekundu, akaendelea kupanga ndoo.

Lakini mwaka ule, bila kumwambia mtu, alianza kupanda treni kwenda hospitali mjini Yamagata. Walimtoa damu, wakamwangalia mayai kwa mashine, wakampitishia dawa kwenye mirija ya uzazi ili waipige picha, na siku hiyo maumivu yalimfanya aume kitambaa chake cha mkononi. Mwisho Daktari Nozue, mama mmoja mwenye sauti ya polepole, alimwambia kwamba hajaona kasoro yoyote.

"Sasa tumpime mumeo," alisema. "Hata tungeanza na yeye. Ni kipimo chepesi kuliko vyote ulivyopitia."

Tomoe alimkuta Kiyotaka mbele ya tanuri.

"Daktari anataka na wewe upimwe."

"Nipimwe nini?"

Tomoe akazitazama kuni. "Unajua."

"Mimi? Sijaugua hata mafua tangu shuleni."

"Hajasema unaumwa."

"Kwani amesema nini?"

"Amesema mimi nimepimwa kila kitu. Umebaki wewe."

Kiyotaka alitupa ubao mmoja motoni, halafu mwingine. Mwishowe alikubali, ila kwa masharti: mama yake asijue, na yeye asikanyage huko. Hilo halikuwa tatizo. Mwanamume hutoa mbegu zake nyumbani katika kikopo, na mke hukipeleka. Asubuhi, kwenye treni za kwenda mjini, wanawake wangapi wamekaa kimya wakiwa na kikopo kama hicho kifuani, hakuna ajuaye. Muuguzi alikuwa amemwambia Tomoe akiweke karibu na mwili kisipate baridi, na asichelewe.

Asubuhi Tomoe alipobeba kikopo chao, theluji ilikuwa imefika madirishani. Stesheni ilitangaza kwamba treni imekwama njiani. Tomoe alisimama jukwaani akiwa na kikopo ndani ya mkanda wa sufu, na maneno yote ya miaka sita yakamjia: baridi, baridi, baridi. Akatoa mkobani vile vipakiti vya joto vya kubandika, ambavyo kila mtu huvibeba wakati wa theluji. Kimoja akakibandika kwenye kikopo, cha pili akakiweka kati ya kikopo na tumbo lake. Akafunga mkanda vizuri. Alipofika hospitalini alikuwa anatoka jasho, na moyo wake umetulia.

Majibu yalitoka. Hakuna mbegu hata moja iliyokuwa ikitembea.

"Kipimo kimoja hakitoshi kuamua," alisema Daktari Nozue. "Turudie."

Tomoe alimfikishia mumewe maneno yote, lakini Kiyotaka alisikia yale ya kwanza tu. Alichochea moto siku nzima bila kuinua uso. Siku chache baadaye, walipokuwa wakikausha sakafu pamoja, alisema bila kumtazama:

"Rudi kwenu Sagae."

"Unanifukuza?"

"Sikufukuzi. Wewe ni mzima, na umri bado unao. Ukae na mimi ufanye nini? Mwaka Mpya ukipita nitamwambia mama."

"Daktari amesema turudie."

"Nirudie ili niambiwe mara ya pili?"

Tangu hapo Tomoe alihesabu kila kitu kama cha mwisho. Aliosha ndoo akijua kuna mwanamke mwingine atakayeziosha, au hakuna.

Jioni moja kabla ya mwisho wa mwaka, baada ya siku nyingi za kuoga peke yake usiku, alikuwa amechuchumaa kwenye bomba akijisugua, Bi Haga akamshtukia.

"We! Bi harusi! Nani amekupiga pasi tumboni?"

Wanawake wakageuka. Chini ya kitovu cha Tomoe palikuwa na alama nyekundu ya mraba, iliyoanza kubabuka. Alikuwa ameiona, lakini siku hizo hakuwa na nafasi ya kufikiria ngozi.

"Ni kipakiti tu," alisema.

"Kipakiti tu! Si wameandika kwa herufi kubwa, usiweke kwenye ngozi? Tena umekikaza na mkanda! Mwanangu, hapo hata yai lingeiva."

Wenzake wakacheka. Tomoe hakucheka. Alibaki na ndoo mkononi, maji yakimwagika miguuni. Kisha akainuka, akavaa vibaya, akapita nyuma hadi tanurini, nywele zikimchuruzika maji.

"Kiyotaka, ni mimi niliyeziua."

"Umeua nini?"

Alimweleza yote: theluji, treni, vipakiti viwili. Akafunua nguo kidogo amwonyeshe alama. Kiyotaka aliikodolea macho, mwanga wa moto ukimcheza usoni.

"Umezipika," alisema.

"Nimezipika."

Sauti iliyomtoka Kiyotaka ilianza kama kikohozi ikawa kicheko, kisha ikakatika. "Na wakikuta vilevile?"

"Tutajua. Sasa hivi hatujui kitu. Unataka kuniacha kwa kitu ambacho hatukijui?"

Baada ya Mwaka Mpya walipanda treni pamoja. Kiyotaka aliingia mwenyewe katika chumba kidogo cha hospitali, akatoka masikio yamemwiva kwa aibu. Safari hii mbegu zilikuwa hai. Lakini zilikuwa chache, na nyingi zilijivuta kwa uchovu.

"Unafanya kazi gani?" aliuliza Daktari Nozue.

"Tuna hamamu."

"Na wewe huwa unaoga maji ya moto?"

"Kila siku. Mabirika yote mawili. Yasiponichoma sifungui mlango."

Daktari aliweka kalamu chini. Alimweleza kwamba mwili wa mwanamume huziweka mbegu nje, mbali na tumbo, kwa sababu joto huzidhoofisha. Akamwambia akae nje ya maji ya moto na asikae karibu na tanuri, mpaka theluji iyeyuke na mbegu mpya zikomae. Kisha warudi kupima. Hakuahidi kwamba hilo pekee lingetosha, ila alisema pa kuanzia ni hapo.

Kwenye treni Kiyotaka alitazama mashamba meupe mpaka karibu na Nagai.

"Miaka sita tumekupasha moto wewe," alisema.

Tomoe aliuegemeza mkono wake kwenye wa mumewe.

Jioni iliyofuata wazee walimkuta Kiyotaka amechuchumaa bombani, akijimwagia maji ya vuguvugu kwa ndoo. Mzee Igarashi, fundi wa milango, hakuweza kunyamaza.

"Ebo! Mwenye hamamu anayakimbia maji yake?"

"Labda amepata mimba," mwingine alidakia, na kicheko kikapanda darini.

Upande wa pili Tomoe alikuwa majini pamoja na Bi Haga na wenzake. Alisikia kila neno. Alijua Kiyotaka angeweza kusema ana kidonda, na jambo lingeishia hapo. Akafumba macho.

"Daktari amenikataza," ilisema sauti ya Kiyotaka, kubwa kuliko ilivyohitajika. "Maji haya yanazipika mbegu zangu. Tumepimwa wote wawili. Tomoe hana neno. Ni mimi."

Bi Haga aliutafuta mguu wa Tomoe chini ya maji, akaugusa kidogo, kisha akauachia.

"Sasa maji yatapimwa na nani?" Mzee Igarashi aliuliza kwa unyonge.

Juu ya kiti chake Bi Yoshino alikuwa ameona pande zote mbili, na amesikia zote mbili. "Na mimi," alisema. "Nyamazeni muoge." Akageukia upande wa wanawake. "Tomoe, ukitoka, ule mkanda usiuvae tena. Utakuunguza bure."

Kesho yake alasiri, kabla ya kufungua, Bi Yoshino aliingia katika birika la wanaume. Hakumaliza hata dakika. Alitoka mwekundu kama pweza, akatweta, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Moto mno," alisema. "Siku zote hizi, baba yako na wewe, moto mno!"

Akafungua bomba la baridi mpaka mwisho. Kiyotaka alikuwa mlangoni, mbali na tanuri. Aliyasikia maji baridi yakipiga mbio ndani ya mabomba ya babu yake, na hakwenda kuyafunga.