Opareta Salome na Mashine Iliyosema Bado

Salome Mdoe alikuwa na sauti ya kazi. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye swichibodi ya shamba la mkonge nje kidogo ya Korogwe, akiwaunganishia wakubwa simu zao. Shamba lilipobinafsishwa, mnunuzi alikuja na simu ya mkononi kiunoni, na Salome akapewa barua ya kushukuriwa. Barua nzuri, ya mhuri, isiyolika.

Akaangukia kwa Athuman, muuza saruji aliyefungua kituo cha intaneti karibu na stendi kwa sababu kila mtu alikuwa anasema zama zimebadilika. Cheo cha Salome kilikuwa Mapokezi. Kazi yake ilikuwa kupiga deki, kuwaonyesha wateja kompyuta iliyo wazi na kujibu simu.

Athuman hakujua hata kuwasha kompyuta, lakini imani alikuwa nayo. Ukutani alibandika tangazo alilolitunga mwenyewe: KOMPYUTA HAISEMI UONGO. Mteja akilalamika, anaonyeshwa ukuta.

Mwaka ule vijana wa Korogwe na Handeni walikuwa wakisubiri majina ya waliochaguliwa vyuo vya afya. Kila aliyefungua ukurasa wa majina pale kituoni alikuta mstari mmoja: Majina yatatangazwa hivi karibuni. Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikaanza, na hivi karibuni ikabaki kuwa hivi karibuni. Hakuna aliyeshangaa, maana serikali ni serikali.

Alhamisi asubuhi akaingia mzee Keriako, mfugaji kutoka upande wa Handeni, na binti yake Nkoile. Ilikuwa safari yao ya nne. Nkoile alikuwa wa kwanza katika boma lao kumaliza kidato cha nne, na alikuwa ameomba uuguzi.

"Shikamoo mama," Nkoile akasema.

"Marahaba mwanangu. Mmerudi tena?"

"Tumerudi," Keriako akajibu. "Mpwa wangu ni mlinzi Dar. Jana amepiga simu, anasema mtoto wa tajiri wake ameshaitwa chuo. Majina yametoka tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, na mwisho wa kuripoti ni kesho saa sita mchana. Asiyefika, nafasi anapewa mwingine. Sasa sisi hatujui kama huyu yumo, wala chuo gani."

Nkoile akaketi, akafungua ukurasa. Hivi karibuni.

Athuman alinyoosha kidole ukutani. "Watu wa Dar kwa uvumi! Mashine imesema bado, ni bado." Lakini fimbo ya Keriako hakuipenda. Akamsogelea Salome, akanong'ona: "Mimi niko stoo. Akiniulizia, sema nimekwenda shamba, Bungu."

Chumba cha nyuma alikuwamo Sadala, mtaalamu aliyezifunga kompyuta zile, aliyeitwa tena tangu Jumanne baada ya wateja kulalamika kwamba kwenye ukurasa wa michezo timu yao ilikuwa inafungwa mechi ile ile kila siku. Katika siku hizo tatu Sadala alikuwa amebadilisha nyaya, amepuliza vumbi, na amewashtaki virusi, umeme, na mawingu ya mlima Lutindi. Wote walikana.

Salome akaweka dekio chini, akasimama mlangoni.

"Mwanangu, mtoto yule akiomba ukurasa, nani anamjibu?"

Sadala akacheka kidogo, cheko la mwenye cheti. "Ni hii seva, mama. Inakaa katikati. Ukurasa ukishafunguliwa mara moja, inaweka nakala. Mwingine akiuomba, anapewa nakala, hatusubiri laini."

"Bila kupiga kule nje kuuliza kama mambo yamebadilika?"

"Kwa kawaida inauliza. Ila mzee Athuman alisema laini ni ghali, isitoke ovyo. Nikaiandikia kwamba nakala ikiwepo, isiulize." Akageuka kuitazama seva. Siku tatu alikuwa anamtafuta mwizi ambaye yeye mwenyewe alimfungulia mlango.

Salome hakumcheka. Mashine ile aliijua kuliko walioinunua. Zamani meneja wa mkonge alimwagiza: mtu akiniulizia, usinisumbue, sema niko shambani. Salome akatii. Hakupiga tena ofisini kuuliza. Alijibu tu, kwa sauti nzuri. Meneja akapanda ndege akarudi kwao moja kwa moja, na Salome, asiyeambiwa na mtu, akaendelea kusema Bwana Meneja yuko shambani kwa siku sita. Siku sita wafanyakazi walimsubiri juani nje ya ofisi wakidai mishahara, mumewe Simeo akiwa miongoni mwao. Simeo alimsamehe. Yeye mwenyewe bado.

"Ifute hiyo amri," akasema.

"Mpaka mzee aruhusu, mama. Atanila nyama."

"Akiuliza, nitajibu mimi. Kujibu ndiyo kazi yangu."

Sadala akafuta mstari mmoja, akazima seva, akaiwasha. Salome akarudi mbele, akamwambia Nkoile afungue tena. Safari hii ukurasa ulichelewa, ukajikongoja, mpaka Keriako akaanza kusonya. Kisha majina yakateremka.

"Namba kumi na nne!" Nkoile akapiga kelele. "Mimi huyu hapa! Uuguzi, chuo cha Kilimanjaro!"

"Basi la saa saba," Salome akasema. "Kimbia ukakate tiketi, kesho asubuhi utakuwa getini. Kimbia!"

Binti akatoka mbio, kandambili moja mkononi. Salome alijikuta analia, akajifuta kwa kanga bila kuona haya.

Keriako hakutoka. Alilitazama lile tangazo la ukutani, akalisoma taratibu, herufi kwa herufi, kisha akageuka.

"Mama, mwenye mashine hii yuko wapi?"

Stoo mtu alibanwa na kikohozi akakimeza. Sadala alikuwa anakagua dari.

Salome akakaa wima, na ile sauti yake ya kazi ikapanda yenyewe, tamu, isiyo na kosa. "Bwana Athuman..." akaanza. Akaishia hapo. Akainuka, akatembea mpaka kwenye mlango wa stoo, akashika kitasa.

"Yupo, mzee," akasema. "Subiri nikuunganishe."