Kiti cha Odília na Foleni ya Noémia

Odília Arruda alikuwa fundi wa nguo za harusi, na alikuwa mbunge. Kwetu hilo si ajabu. Bunge la jimbo letu hukaa nusu ya mwaka tu, alasiri, na wanaoketi humo ni wazimamoto, walimu, wauza bima, watu wenye kazi zao nyingine. Odília alikata vitambaa asubuhi, akavua mkononi kimto chake cha kuchomekea pini, akaendesha gari hadi mji mkuu kupiga kura za sheria, na jioni alirudi kupinda malinda.

Mji wetu uliishi kwa viwanda vya nguo hadi vilipofungwa, na wengi wetu ni wahamiaji, Wareno kutoka visiwa vya Azori. Odília aliwakilisha upande wa kilimani. Upande wa mtoni uliwakilishwa na Noémia Pacheco, mwenye duka la mikate. Waliitana komadre, maana Noémia ndiye mama wa ubatizo wa binti wa Odília.

Odília ndiye aliyemwingiza Noémia kwenye siasa. Alimshika mkono mlango kwa mlango, akimfundisha.

“Usiwaeleze sheria,” alimwambia. “Waulize habari za magoti yao.”

Noémia akawauliza habari za magoti. Tatizo ni kwamba alitaka kweli kujua jibu, na watu walilitambua hilo upesi. Katika sikukuu ya Roho Mtakatifu, wanawake wa parokia walipogawa supu ya nyama na kabichi, foleni ya upawa wa Noémia ilikuwa ndefu mara mbili ya foleni ya Odília, na supu ilitoka sufuria moja. Odília alitabasamu mbele za watu. Nyumbani alisugua sufuria zake mwenyewe hadi mumewe, Herculano, akauliza kama kuna mgeni.

Wakati huo wananchi walikuwa wamekwisha kuamua kwa kura kwamba Bunge lipunguzwe, kutoka viti mia moja hadi sabini na tano. Walidhani wanasiasa wakipungua, na uongo utapungua. Utekelezaji ulipofika, rasimu ya ramani mpya ya maeneo ya uchaguzi ikaunganisha kilima na mto. Wabunge wawili, kiti kimoja.

Noémia alikuja dukani kwa Odília na mkate mtamu uliokuwa bado moto.

“Komadre, hili tutalimalizaje?”

“Lipi?”

“Usijifanye. Kiti ni kimoja, makalio mawili. Na haya yangu peke yake yanatosha kukijaza.”

Mwanamwali aliyekuwa akipimwa gauni akacheka hadi pini ikamchoma. Odília hakucheka.

“Wewe ulitangulia,” Noémia akaendelea. “Sema unakitaka, mimi nakaa pembeni. Sitanuna.”

Pengine mtu mwingine angemkumbatia. Odília aliona mbele yake mji mzima ukisema: mwacheni Noémia, ana moyo wa dhahabu, kampa mwenzake kiti. Yaani hata ushindi wake ungekuwa sifa ya Noémia!

“Sitaki kupewa,” alisema. “Tushindane, watu waamue.”

“Sawa, mama. Ila mkate kula ungali moto.”

Wiki hiyohiyo Odília alimwendea mzee mmoja wa chama, ambaye wachora ramani walikuwa hawamkatalii jambo. Hakuomba makubwa. Alisema tu kwamba mpaka ungependeza zaidi kama ungepita nyuma ya duka la mikate, ambalo Noémia aliishi juu yake, badala ya mbele yake. Mzee alimtazama juu ya miwani.

“Si yule ni rafiki yako?”

“Ndiye. Ndiyo maana sitaki tugombane.”

Ramani ya mwisho ilipotoka, mitaa mitatu ya mtoni, pamoja na nyumba ya Noémia, ilikuwa imesukumwa kwenye eneo la matajiri ng’ambo ya barabara kuu, kwa mbunge aliyekaa huko tangu tukiwa vijana. Kwa kuwa mtu hugombea anakoishi, Noémia aligombea hukohuko. Alizunguka kwenye nyumba ambako watu humjibu mgeni kupitia kidude cha ukutani, mlango ukiwa umefungwa. Akashindwa vibaya. Odília hakuwa na mpinzani, na mtu asiye na mpinzani hapigiwi hata makofi ya maana.

Januari aliapishwa. Ukumbi ulikuwa umepangwa upya, meza zimesogezwa, kila mmoja ana nafasi ya kunyoosha miguu. Alitarajia kwamba sasa roho itatulia.

Ikatulia siku chache, mpaka simu ya kwanza.

“Komadre, habari za Bungeni? Sikiliza, bibi Deolinda amekatiwa gesi na baridi hii. Wapigie wale watu wa gesi, wewe ndiye wanayemsikiliza.”

Odília alipiga, gesi ikarudi. Kesho yake akakutana na bibi Deolinda nje ya kanisa.

“Mungu ambariki Noémia,” bibi akasema. “Kazungumza na mbunge, mambo yakanyooka.”

“Mbunge ni mimi, bibi.”

“Ndiyo, mwanangu. Ndiye aliyezungumza na wewe.”

Ikawa hivyo majira yote ya baridi. Taa za barabarani, pensheni, kijana aliyenyimwa leseni. Watu walimwaga shida zao kwenye kaunta ya mikate, Noémia akampigia Odília, Odília akahangaika, shukrani zikarudi kwenye mikate. Alianza kupita mbele ya duka lile kwa gari polepole, akihesabu vichwa ndani. Herculano alipouliza kwa nini wanazunguka njia ndefu, alisema anakwepa mashimo.

Jumamosi moja akashindwa kuvumilia. Aliingia, watu wamejaa, mmoja akimweleza Noémia habari za kodi ya maji.

“Mbunge ni mimi!” Odília alipaza sauti. “Kiti ni changu! Mnakuja huku kufanya nini?”

“Kununua mkate,” mzee mmoja akajibu, kwa adabu.

Noémia alifuta mikono, akawaomba watu wampishe kidogo, akafunga mlango. Wakabaki wawili na harufu ya hamira.

“Ulipokwenda kwa yule mzee,” Noémia alisema, “ulisahau kwamba mkewe hununua mkate hapa.”

Odília alishika kaunta. “Ulijua? Tangu lini?”

“Kabla ramani haijatoka.”

“Mbona hukusema?”

“Nilikuwa na hasira, Odília. Nikasema nisubiri ipungue, nisije nikakutukana mbele ya mtoto niliyemshika kwenye ubatizo. Bado haijapungua vizuri.”

“Na bado ulinipigia simu.”

“Bibi Deolinda alikuwa na baridi. Ningempigia nani?” Sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza. “Kiti unacho. Sasa unanionea wivu gani?”

Odília alilia, na katika kulia akasema jambo ambalo Noémia mwenyewe alitusimulia baadaye, maana Odília asingelisema kwa mtu.

“Hata ukikasirika, unakasirika vizuri kuliko mimi.”

Noémia hakumkumbatia. Alimpa kitambaa cha kufutia kaunta, kina unga, na Odília akajifuta nacho uso.

Baada ya hapo Noémia aliacha kumpigia simu. Alimwekea meza ndogo karibu na magunia ya unga, asikilize watu mwenyewe kila Jumamosi. Mwanzoni walimpita. Noémia aliwaonyesha kwa kidole: pale. Wakaenda, wengine shingo upande, na Odília akajifunza kungoja mtu amalize sentensi yake. Urafiki wao haukurudi ulivyokuwa. Siku za sikukuu waliketi meza moja, wakaongea habari za binti.

Aliongezewa kipindi kimoja, kisha akasema basi. Alimwomba Noémia ahamie kilimani agombee; Noémia akakataa, akasema miguu yake haitaki tena ngazi za watu. Kiti kikachukuliwa na mwalimu kijana wa hisabati, Tavares. Usiku wa ushindi wake Odília alihudhuria, akampa mkono, akasema maneno mazuri. Garini, kabla hata ya kufunga mkanda, akamgeukia mumewe.

“Wamempigia makofi marefu kuliko yangu?”

Herculano, ambaye hakuwa mume wa jana, alisema masikio yake siku hizi hayasikii vizuri, akawasha gari.