Mwalimu wa Hesabu na Nyimbo Kumi na Mbili

Mimi nafundisha hesabu sekondari hapa Same, mwaka wa tisa sasa, na nawaambia mapema ili mkicheka mcheke vizuri: kuhesabu moja mpaka kumi na mbili kulinishinda mbele ya ukumbi mzima, siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga mdogo wangu Namkunda kabla ya harusi yake.

Kamati ilinipa kazi ya muziki. Baba Eliya, fundi muziki tuliyemkodi, hataki flash hata kuisikia (anasema zilishamjazia virusi), yeye ana deki yake, unamletea CD na karatasi ya namba, anabonyeza namba, basi. Nikapanga nyimbo kumi na mbili kwenye laptop na kuzipa namba: mbili bibi harusi anaingia, kumi ndafu, yaani yule mbuzi mzima wa kuchoma anapoingizwa, kumi na moja baraka za Bibi. Hiyo ya kumi na moja ndiyo ilikuwa roho ya shughuli. Bibi yetu yuko Mbaga, huko juu milimani, ndiye aliyemlea Namkunda, na magoti hayamruhusu tena kushuka, kwa hiyo nilipanda wiki moja kabla nikamrekodi kwa simu akimuaga mjukuu wake. Namkunda hakutaka zawadi nyingine kwangu. Aliniambia, "Dada, mengine yakiharibika sawa tu, ila ya Bibi niyasikie."

Nikaenda steshenari kuchoma CD. Dada wa pale akaangalia mafaili yangu, akasema, "Mwalimu, ungeanza na sifuri. Sifuri moja, sifuri mbili. Ukiacha hivi, kompyuta inapanga kumi mara tu baada ya moja, mbili inakuja mbali huko." Ningesema tu sawa, jamani. Lakini nilikuwa na haraka, saluni wananisubiri, halafu (hapa ndipo kiburi kiliponiponza) nikamwambia, "Mdogo wangu, mimi ndiye ninayefundisha hesabu. Baada ya moja ni mbili. Choma." Akachoma. Wala sikuijaribu nyumbani.

Jumamosi ukumbi umejaa, ndugu wa upande wa mwanaume wamefika kutoka Ndungu na suti zao, wamekaa mbele. Wimbo wa kwanza, wa kukaribisha wageni, ukapiga vizuri. Mshereheshaji akasema wote tusimame, mlango wa mbele ukafunguliwa, Namkunda huyo na gauni lake la kijani, Baba Eliya akabonyeza mbili, na ukatoka wimbo wa ndafu, ule wenye ngoma na mbuzi analia mwanzoni.

Sasa mnajua wapishi walivyo. Mimi mwenyewe niliwaambia jikoni, "Mkisikia wimbo wenu msingoje kuitwa, ingieni mnacheza." Wakausikia. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, wakaingia wanne na ndafu mabegani, mbuzi mzima na majani mdomoni, wanacheza kwa bidii zote, na Namkunda anakuja kutoka mbele kwa madaha yake, wakakutana katikati ya ukumbi, uso kwa uso, yeye na mbuzi. Watu walicheka mpaka baba mkubwa wa bwana harusi akatoa leso.

Mimi badala ya kutulia nikadhani CD imekwama, nikampigia Baba Eliya kelele, "Ruka, weka tatu!" Akaweka tatu. Ikatoka sauti ya Bibi, kwa Chasu, Kipare chetu, taratibu kabisa: mwanangu, nilikuogesha mimi kwenye karai, ulikuwa mwembamba mpaka wakasema hutaishi, leo tazama ulivyonenepa. Na ukumbi mzima unamtazama mbuzi.

Nilitamani ardhi inimeze. Kitu kimoja tu Namkunda aliniomba, nami nimekigeuza kichekesho. Nikakimbilia deki na viatu vya kuazima, kimoja kikabaki njiani, nikanyoosha mkono nizime.

"Dada, usizime," Namkunda akasema.

Hakusema kwa sauti kubwa, ila vicheko vilikatika. Akasimama pale pale pembeni ya mbuzi, akamsikiliza Bibi mpaka mwisho, dakika nne, machozi na poda vinashuka pamoja, na wapishi maskini ndafu bado mabegani, hakuna aliyethubutu kuishusha.

Kesho yake nikampigia Bibi, shikamoo, marahaba, nikamweleza yote na aibu yangu. Akauliza, "Kwa hiyo nilisema kabla watu hawajala?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi afadhali. Baada ya ndafu nani angenisikiliza mimi? Wangekuwa wanasinzia wote."

Bibi amenisamehe, wanafunzi bado (sijui nani aliwaambia), nikiingia darasani kuna anayehesabu chini chini: moja, kumi, kumi na moja. Nami nimeapa, tangu siku ile naanza na sifuri kila mahali, hata orodha ya sokoni, sifuri moja nyanya, sifuri mbili vitunguu. Na yule dada wa steshenari akinielekeza jambo siku hizi, mimi naitikia tu, "Sawa, mwalimu."