Maua ya maziwa ya Kabondo: belle-sœur yangu aliipiga jembe siku mugeni anakuya kuiona

Wakubwa wa humu, mbote na jambo. Hii ni kweli, niliiona na macho yangu.

Wenye tulikuwa: mimi; Mama Véro, belle-sœur yangu, ni kusema dada ya marehemu bwana yangu; Papa Likenge, jirani; na Clarisse, mujukuu ya dada yangu mukubwa, yeye anasoma mambo ya mimea.

Kwa parcelle yangu, kiwanja ya nyumba, kulikuwa maua moja. Ukiivunja inatoka maziwa. Matunda yake ikikauka inapasuka, pamba ya ndani inaruka na upepo. Zamani ilijaa njia yote ya kwenda shamba. Sasa, bon, ni nyumba tu.

Nilituma photo yake kwa telefone, Clarisse akaiona, akanipigia:

"Koko, nyanya yangu, usiiguse! Mu Tshopo, province yetu yote, hatuione tena. Professeur anataka kuandika kama imeisha. Nikileta ushahidi, ataandika iko. Nakuya kuiona samedi, Jumamosi hii."

Furaha! Nikaambia kila mutu: mugeni anakuya samedi.

Alors, munajua sisi. Mugeni akikuya, parcelle inabaki udongo mutupu, ata jani moja hapana, sababu ya nyoka na sababu ya haya. Mimi nilienda soko kutafuta samaki. Kurudi, Véro iko na jembe, jasho, anacheka.

"Muke ya kaka, ona! Utapokea mugeni kama muke ya ministre!"

"Véro, maua iko wapi?"

"Gani? Ile majani ya mbuzi?"

Papa Likenge akachungulia juu ya ukuta, akasema: "Bon, atapiga photo ya udongo."

Nilikaa chini. Na Clarisse huyu anaingia!

Véro, na mudomo wote ule, akatupa jembe. Akaenda nyuma ya choo kwenye takataka, akarudi na maua imelegea, na matunda yake.

Clarisse akaiangalia. Akafungua saki, mufuko yake: magazeti ya zamani na mukasi.

"Koko, ushahidi tunaukata, tunaukausha katikati ya magazeti. Njia yote nilikuwa naogopa kukuomba nikate hata tawi."

Akachimba kidogo na kidole pale maua ilikuwa. Muzizi uko ndani, muzima, jembe lilikata juu tu.

Sasa imeandikwa: mu Tshopo iko, lakini kidogo sana. Na muzizi umetoa majani. Véro ameizungushia mawe, anafukuza mbuzi za watu na matusi, anaambia kanisa lote kama yeye ndiye alikata ushahidi.

Fundisho: kama mugeni anakuya kuona majani, usimufagilie.

Wa Isangi na Basoko, kwenu bado iko? Museme. Na wa Kabondo, kama nimekosa jina ao nimesahau mutu mwenye alikuwa, munisahihishe, ila Véro musimuulize.